RTX 3060 ama RX 6700 XT? Kompyuta inajizima nikiwa kwa gemu

Kijana_wa_Umoja:
Niaje wasee. GPU yangu, yaani kadi ya picha, imeanza madharau, nikicheza kidogo tu kompyuta inajizima. Nimeamua kuibadilisha. Niko na 45,000, na kuna jamaa hapo tao ana RTX 3060 ya 12GB na RX 6700 XT, zote mtumba, bei zinakaribiana. Nichukue gani? Na hii mambo ya kufuatilia miale ya mwanga, RT, ni kitu ya kulipia ama ni mbwembwe za matangazo? Naenda Jumamosi.

Msafiri_Pipeline:
6700 XT. Hapo hakuna mjadala. Ina memori ya 12GB vilevile, na gemu za kawaida 3060 haioni ndani.

FundiWaWaya:
Ngoja kwanza. Sasa hivi una GPU gani? PSU, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, ni ya wati ngapi, na ya kampuni gani? Halafu inajizima vipi? Kuna ile ya kuzima pap kama mtu amechomoa waya ukutani. Kuna ya skrini kuwa nyeusi, feni zinapiga kelele na sauti ya gemu bado inasikika. Na kuna ya gemu kujifunga ukarudi kwa Windows. Hizo ni shida tatu na dawa zake hazifanani.

Pixel_wa_Rongai:
3060 kaka. DLSS, ile ya Nvidia ya kukuza picha ndogo ili fremu ziongezeke, haipatikani kwa AMD wanaotengeneza hizo RX, na RT ya AMD ya kizazi hicho ni ya kuonyesha wageni tu.

Kijana_wa_Umoja:
Ni GTX 1660 Super. PSU ni 600W. Inazima pap, kama stima imepotea, lakini taa za nyumba zinawaka. Nimeangalia Event Viewer, ile rekodi ya makosa ya Windows, ikanionyesha Kernel-Power 41.

FundiWaWaya:
Hiyo 41 inakwambia tu mashine ilizimika bila kuagwa. Hata ukichomoa plagi kwa mkono utaipata.

1660 Super inakula wati 125. PSU ya 600W ya ukweli ingeibeba bila jasho. Fungua kasha, soma kibandiko cha PSU. Usiangalie ile namba kubwa, tafuta safu ya +12V uniambie ni ampea ngapi. Ukiwa hapo, angalia ni waya gani unaingia kwa kadi.

Msafiri_Pipeline:
Mnampeleka mtoto wa watu mtihani wa fizikia na alikuja kuuliza kadi.

Kijana_wa_Umoja:
+12V ni 22A. Jina la kampuni halieleweki, PSU ilikuja na kasha. Waya wa kadi ni adapta: upande mmoja pini 8, upande wa pili plagi mbili bapa za SATA, zile za diski. Aliyeniunganishia alisema ni kawaida.

FundiWaWaya:
Basi 22 mara 12 ni wati 264. Hiyo ndiyo PSU uliyo nayo, maana prosesa na GPU zote mbili zinategemea hiyo 12V. Zile zingine hadi 600 wamejumlisha laini za 5V na 3.3V, au wameandika tu kwa sababu kibandiko hakikatai.

Sasa hiyo adapta. Plagi moja ya SATA ina pini tatu za 12V, kila moja ampea 1.5, kwa hivyo mwisho wake ni wati 54. Mbili ni 108. Tundu la pini 8 kwa kadi limepimwa kwa 150. 1660 Super inavumilia kwa sababu bodi nayo inaweza kuipa hadi 75 kupitia sloti. 6700 XT ni wati 230, na nyingi zinataka pini 8 pamoja na 6. Ukiichomeka hapo, omba izime tu isiyeyushe plastiki.

Leo jioni, ukitaka kuhakikisha, weka MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha wati hadi asilimia 70, na ufunge fremu kwa 60 kwa sekunde. Ikiacha kujizima, GPU yako ni nzima, mgonjwa ni PSU. Lakini hiyo adapta usiizoee.

Mama_Fremu:
Msikilize huyo. Mimi nilizungushwa na shida kama hii hadi nikachoka, na PSU yangu wala haikuwa feki. Ilikuwa 650W ya jina zuri, kadi RTX 3080. Kilichonichanganya ni kwamba katikati ya vita, milipuko kila mahali, mashine imetulia. Nikirudi kwa menyu kuchagua silaha, pap! Giza. Nani atashuku PSU wakati mashine inazima ikiwa haifanyi kazi?

Nikaipeleka kwa duka moja tao. Wakaweka Windows upya, nikalipa. Ikarudia. Wakasema ni RAM, nikanunua RAM. Ikarudia. Mwishowe wakaniambia kadi imekufa, ila kwa kunihurumia wangeinunua kama vipuri. Bei waliyotaja ilinifanya nibebe mashine yangu kimyakimya niende nyumbani.

Kumbe kwa menyu fremu hazikuwa na kikomo, kadi inatoa mamia kwa sekunde, na 3080 inapiga mruko wa umeme wa muda mfupi sana, juu kabisa ya zile wati 320 zilizoandikwa. Ulinzi wa PSU unauona kama hitilafu, unakata. Nvidia wenyewe walipendekeza 750W kwa kadi hiyo na mimi nilidhani wanatisha watu. Juu ya hayo, kadi ilikuwa inalishwa na waya mmoja wenye vichwa viwili. Niliushika baada ya kucheza, ulikuwa wa moto, na plastiki karibu na kichwa cha pili imeanza kulainika. Kuweka waya mbili tofauti kulipunguza shida, lakini haikuisha hadi nikaazima PSU ya 850W ya binamu yangu. Hajairudishiwa.

Kwa hivyo ukinunua mpya tafuta iliyoandikwa ATX 3.0 ama 3.1. Kiwango hicho kilitoka 2022, na kinataka PSU istahimili mruko wa hadi mara mbili ya wati zake kwa kitambo kidogo mno.

Stima_Imepotea:
Na mkishamaliza PSU mwangalie ukutani. Kwetu stima ikirudi inarudi na hasira. UPS, ile betri ya akiba, ni lazima.

FundiWaWaya:
UPS gani? Hizi za 650VA watu wanabeba si wati 650. Nyingi ni kama 360 hadi 390. Ukicheza na kadi ya 230W ikaingia kwa betri, UPS yenyewe ndiyo itakuzimia.

Stima_Imepotea:
Bora inipe nafasi ya kusevu.

Mama_Fremu:
Gemu gani unasevu katikati ya mechi ya mtandaoni?

Kasha_la_Mtumba:
Tukiwa kwa umeme: wale mnanunua mashine za ofisi zilizotoka Marekani, geuzeni PSU muangalie nyuma. Zingine za zamani zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa kwa 115 na hapa tuna 240, utasikia mlio mmoja tu.

Pixel_wa_Rongai:
Turudi kwa RT jamani, aliuliza. Si mbwembwe. Gemu bila RT zinadanganya: taswira kwa maji inachorwa kutokana na kile kilicho kwa skrini. Inamisha kamera kidogo, jengo litoke juu ya skrini, na taswira yake kwa dimbwi inakatika hapohapo. RT inapiga hesabu ya mwale wenyewe unavyodunda. Ukishaona hiyo kasoro, huwezi kuacha kuiona.

Msafiri_Pipeline:
Mimi niliiwasha kwa Cyberpunk 2077, nikasimama mbele ya dimbwi, nikasema lo, nikaizima nikaenda kupigana. Fremu zilishuka karibu nusu. Nani ana muda wa kutazama madimbwi? Nairobi tunayo ya bure.

Pixel_wa_Rongai:
Ulikuwa na kadi gani?

Msafiri_Pipeline:
6700 XT.

Pixel_wa_Rongai:
Nimemaliza.

Mama_Fremu:
Nyote mnapiga kelele. Bila RT 6700 XT iko mbele, ukiwasha RT pengo linayeyuka, na hakuna kati ya hizo mbili itakayokupa RT nzito ikiwa laini bila msaada. 3060 ina DLSS, ile nyingine inatumia FSR, kazi ileile ya AMD, ambayo hadi toleo la 3 inafanya kazi hata kwa kadi za kampuni zingine lakini picha yake ina ukungu kidogo. Kwa gemu kama CS2 RT haikuhusu kabisa.

Ila kuna jambo moja. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 hazifunguki kwa kadi isiyo na vifaa vya RT. Kiwango cha chini ni RTX 2060 Super ama RX 6600. Hiyo 1660 Super haina. Kwa hivyo iwe nzima ama mbovu, ukitaka gemu za aina hiyo utaiacha tu.

Kasha_la_Mtumba:
Mbona hakuna anayemwambia RTX 4060? Wati 115, inakula chini ya hiyo 1660 yake.

Msafiri_Pipeline:
Memori 8GB tu. Na kwa 45,000 ataipata wapi na bado anunue PSU?

Kasha_la_Mtumba:
RX 6600 basi, wati 132. Abaki na chenji ya PSU safi.

Pixel_wa_Rongai:
RT kwa RX 6600? Mpe pole mapema.

Kijana_wa_Umoja:
Nimeshusha wati hadi asilimia 70 nikafunga fremu 60. Nimecheza jioni yote haijazima. Lakini gemu imekuwa nzito. Jamaa amenipigia, 6700 XT kuna mtu ameiwekea deposit, amebaki na 3060. Anasema nikichelewa nayo itaenda.

FundiWaWaya:
Hiyo ya "itaenda" wanasemanga kila Jumamosi. Nunua PSU ya 650W ya kueleweka, yenye waya wake wa pini 8, tupa hiyo adapta. Kadi hata mwezi ujao.

Mama_Fremu:
Mimi ningechukua 3060 na PSU pamoja kama anaweza kushusha bei. Ni wati 170 tu, na nyingi zinataka pini 8 moja. Ila usilipe kabla hajaiwasha mbele yako kwa mzigo, si kwa skrini ya Windows.

Stima_Imepotea:
Na UPS.

Kasha_la_Mtumba:
Samahani, prosesa ni gani? Nimesoma uzi wote sijaiona.

Kijana_wa_Umoja:
i5 ya kizazi cha nne. Kwani ina shida?