Lainbeka wa raundi ya sita: atabaki au atakatwa Agosti?

Mkunazini_NFL

Assalaam aleikum wana jukwaa. Timu yangu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, imechukua lainbeka (mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele) raundi ya sita, ile Jumamosi ya drafti (timu zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu) ambayo kwetu huanza saa moja usiku. Jina naliacha makusudi, nisije nikafungua vita vya timu hapa. Chuo kidogo, urefu futi 6, pauni 228 (kama kilo 103). Yadi 40 kakimbia kwa sekunde 4.58, lakini alipimwa chuoni kwake, si kwenye kombaini, yale majaribio ya pamoja ya Indianapolis. Msimu wa mwisho kaangusha watu 131, na hiyo 131 ndiyo inayoshangiliwa mitandaoni. Umri miaka 24. Vipande vyake vya YouTube vinatisha, kila dakika kuna mtu kalazwa.

Mtu kama huyu anapimwa vipi kabla hajacheza? Na Agosti nitazame nini nijue kama ataingia kwenye wale 53 wanaobaki kikosini?

Gombani_Sefti

Waaleikum salaam. Anza kwa kuifuta hiyo 131 kichwani. Haisemi mtu kaangushiwa wapi. Mbeba mpira akishakula yadi nane ndipo akaangushwa, lainbeka kaandikiwa sawa na yule aliyemdaka nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo. Tena huko vyuoni hesabu huandikwa na watu wa uwanja wenyewe, na wengi wana mkono mwepesi: watatu wakirundikana juu ya mtu mmoja, kila mmoja anapata chake. Tenga aliowaangusha peke yake na aliosaidia. Na uangalie pia ulinzi wao ulikaa uwanjani kiasi gani, maana timu inayopoteza mpira ovyo humpa lainbeka wake kazi kutwa.

YouTube nayo iache. Tafuta mechi nzima, na ikiwezekana ile picha ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22. Kamera ya televisheni inafuata mpira, na pasi ikirushwa lainbeka hayupo tena kwenye kioo. Mechi tatu zinatosha: mpinzani mgumu kuliko wote, timu inayorusha sana, na moja ya mwisho wa msimu wakati mwili umechoka.

Simamisha picha pale senta anapotoa mpira, kisha isogeze pole pole. Jamaa anakuwa yadi nne au tano nyuma ya mstari. Tazama miguu yake, mpira usiutazame. Anayejua kusoma huwasoma magadi, wale wawili wa ubavuni mwa senta: gadi akichomoka kwenda kulia, naye keshaanza kwenda upande ule ule kabla ranbeki, mbeba mpira, hajapokea. Asiyejua hukodolea macho kwotabeki, yule mrusha pasi. Ukimwona anapiga hatua mbili mbele kila kwotabeki anapojifanya kutoa mpira, elewa kwamba nyuma yake taiti endi, mmoja wa wapokea pasi, yuko peke yake. Chuo kidogo mbio zinamwokoa, anageuka na anawahi. Huko juu hawahi.

Halafu mikono. Gadi wa pauni 310 anamjia, anafanyaje? Wengi wa uzito wake hukwepa, wanazunguka nyuma ya gadi. Inapendeza machoni na pengine mbeba mpira anampata, ila mwanya aliopewa aulinde kauacha wazi, na ranbeki wa kweli akiuona huo anaondoka na yadi 15. Unalotaka kuliona ni viganja kifuani mwa gadi, mikono imenyooka, kisha anamsukuma upande. Mikono ya inchi 32 inasaidia. Ya inchi 30 hiyo, gadi anamshika yeye kwanza.

Bint_Wete

Kaka Gombani, yote sawa, lakini mnampima kwa kazi ambayo hakuchukuliwa aifanye. Raundi ya sita mtu anachukuliwa kwa ajili ya timu maalumu, yaani mipira ya mateke. Siku hizi ulinzi unacheza na watu watano wa nyuma muda mwingi, kwa hiyo lainbeka wa kati wanaokuwa uwanjani ni wawili tu. Timu inabakisha watano au sita. Hao wengine wanakula mshahara wa panti (teke la kuwaachia wapinzani mpira) na mpira wa kuanzia. Na siku ya mechi wanaovaa jezi hawazidi 48. Lainbeka wa tano asiyecheza mateke atavalishwa kwa kazi gani?

Sasa tazama hapa. Nyota wa chuo kidogo mara nyingi hupumzishwa kwenye mateke miaka yake ya mwisho. Kwa hiyo rudi nyuma, tafuta mechi za miaka yake miwili ya mwanzo.

Na kanuni zimebadilika. Tangu 2024, kwenye mpira wa kuanzia watu kumi wa timu inayopiga wanapangwa kwenye yadi 40 ya wapinzani, wanaopokea wengi wao kati ya yadi 35 na 30 za upande wao, na hakuna anayesogea mpaka mpira uguse ardhi au mtu. Zile mbio ndefu za kwenda kugongana hazipo tena. Kinachotakiwa ni mlipuko wa yadi tano sita na mikono ya kumtoa mtu njiani. Tangu 2025 mpira uliopigwa moja kwa moja ukafia ndani ya eneo la mwisho unawekwa yadi 35, adhabu nzito kwa mpigaji, ndiyo maana mipira inayorudishwa imeongezeka. Mtu wa namna hiyo ana thamani kuliko alivyokuwa miaka michache nyuma.

Jambiani_43

Hiyo 4.58 iongeze kidogo. Saa ya mkononi chuoni huwa nyepesi, mimi huongeza 0.05. Na kwa lainbeka, yadi 40 nzima (mita 36.6) anazikimbia mara ngapi kwenye mechi? Uliza yadi kumi za kwanza: chini ya 1.60 yuko salama. Uliza koni tatu, zile mbio za kugeuka geuka kuzunguka koni: 7.10 nzuri, ikivuka 7.30 nyonga ni nzito.

Umri ndio unaonitia shaka zaidi. Miaka 24 anaangusha watoto wa miaka 19. Alivyo ndivyo atakavyokuwa.

Ila msiitupe kabisa hiyo 131. Foyesade Oluokun alichukuliwa namba 200 mwaka 2018, raundi hiyo hiyo ya sita, kutoka Yale, chuo kinachojulikana kwa vitabu kuliko mpira. Mwaka 2021 na 2022 akaongoza ligi nzima kwa kuangusha watu.

Gombani_Sefti

Sheikh, Oluokun, Zach Thomas wa namba 154 mwaka 1996, Matt Milano wa namba 163 mwaka 2017. Kila mwaka yanatajwa majina hayo hayo, kwa sababu waliokatwa hakuna anayewakumbuka.

Mkunazini_NFL

Ahsanteni sana. Koni tatu 7.24. Na kingine: miaka yote chuoni kanasa pasi moja tu. Ni tatizo?

Gombani_Sefti

Kunasa kuna bahati ndani yake. Tazama anavyorudi nyuma kwenye pasi. Anafika yadi kumi au kumi na mbili, au anasita kwenye sita? Akirudi, kichwa kinageuka kutafuta anayeingia eneo lake, au kimeganda kwa kwotabeki? Kisha mtafute ranbeki anayetoka pembeni na kupanda mbele kandokando ya mstari wa uwanja. Hapo ndipo 7.24 inapolipiwa: akigeuza nyonga mara moja anakwenda naye, akigeuza mara mbili kaachwa yadi tatu.

Bint_Wete

Kuhusu Agosti: mechi nyingi za majaribio kwetu ni saa nane usiku, usijitese. Asubuhi fungua karatasi ya mechi uone kacheza mara ngapi kwenye ulinzi na mara ngapi kwenye mateke. Halafu tafuta robo ya kwanza peke yake. Akiwa kwenye kikosi cha panti pamoja na wakubwa, kocha keshamwekea nafasi. Akiangusha watu tisa robo ya nne dhidi ya wanaosubiri kukatwa, mitandao itapiga kelele, wewe usipige.

Na akikatwa usiage bado. Timu nyengine 31 zina saa 24 za kumdai, na mkataba wake atabebwa nao huko. Asipodaiwa, timu yako inaweza kumrudisha kwenye kikosi cha mazoezi cha watu 16, na Oktoba majeruhi wakianza, wa kwanza kupandishwa ni yule anayejua mateke.