Pesa za karakana za vyuo vya ufundi: zibaki chuoni?

Mkaguzi wa Leja: Chuo cha ufundi cha serikali kikipata tenda ya madawati, pesa ibaki karakana inunue vyuma vya kufundishia, au iingie mfuko mkuu chuo kisubiri mgao? Mimi nasema iingie mfuko mkuu. Karakana ikishika pesa yake, chuma cha mafunzo na cha tenda vinachanganywa, na bei inayotoka si ya kweli. Dawati lenyewe linalegea miguu kabla muhula haujaisha.

Rodi ya Mbili na Nusu: Hilo la miguu lifute. Mchoro unasema skwea paipu ya inchi moja geji 16, inaletwa geji 18, nyembamba zaidi, milimita 1.2. Mwanafunzi anapewa rodi ya kuchomelea ya milimita 3.2, inatoboa paipu. Kwa woga anaponti, yaani anachomelea vinukta, pande mbili tu, rangi inafunika. Geji 18 inataka rodi ya 2.5, ampea 60 hadi 70, na uzungushe pande zote nne. Ulizeni aliyenunua!

Mama Stoo: Rodi, usimtwike mnunuzi kila kitu. Paipu ni mita 5.8. Ukikata vipande vya mita 1.2 unapata vinne, kinabaki karibu mita nzima. Mwalimu anajaza mita 4.8 kwenye kadi ya kazi wakati stoo imetoa paipu zima. Asilimia 17 ya chuma haionekani popote. Hati iandike paipu zima, mabaki yapimwe, yarudi stoo, yatoke tena kwa hati ya mafunzo.

Mkaguzi wa Leja: Ndicho nilichosema. Na waajiri wanakatwa SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, asilimia 4 kwa kazi hiyo hiyo.

Kijana wa Gerezani: Ilishushwa hadi 3.5 Julai 2023, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inapata theluthi tu. Sisi mafundi wa mtaani, hapa Gerezani, Dar es Salaam, tunalipa pango, umeme na vibarua. Chuo kinapanga bei bila nguvu kazi wala uchakavu wa mashine, kisha kinatushinda tenda. Wanafunzi walipwe, na malipo yaingie kwenye bei.

Rodi ya Mbili na Nusu: Walipwe kwa lipi? Wanajifunza! Rodi wanazoharibu unazilipia wewe?

Kijana wa Gerezani: Dawati la kwanza anajifunza. La mia mbili ni kibarua, kaka, na unajua.

Mama Stoo: Nanyi mnasahau mbao. Dawati halilegei kwenye chuma peke yake. Malipo ya awali yakichelewa, msonobari unanunuliwa mbichi na kufungwa bolti wiki hiyo hiyo. Ubao ukikauka unasinyaa, nati inacheza, mtoto akiegemea tundu linapanuka. Ubao wa inchi moja unataka miezi kivulini, umepangwa na vijiti katikati. Mkaguzi wa Leja, huo mgao wako utafika miezi mingapi kabla ya makabidhiano?