Nimechoka na nadharia zenu za "Rey ni wa ukoo gani". Finn, yule askari aliyetoroka jeshini, mmemtupa wapi?

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa nimevurugwa, mtanivumilia lugha. Kama hujamaliza kuangalia zile Star Wars tatu za 2015 (The Force Awakens), 2017 (The Last Jedi) na 2019 (The Rise of Skywalker), pita hivi, humu nitamwaga kila kitu.

Tangu Aprili 2023, walipotangaza pale London kwamba Daisy Ridley anarudi kama Rey, shujaa wa sinema hizo tatu, sinema yenyewe iongozwe na Sharmeen Obaid-Chinoy na hadithi ianze miaka kama 15 baada ya The Rise of Skywalker, sijakutana na nadharia moja yenye kichwa na miguu. Waandishi wa hiyo sinema wamepanda na kushuka kama abiria wa daladala. Ninyi mashabiki ndiyo kwanza hata kituoni hamjatoka. Je, Rey alibaki na mtoto wa Ben Solo (ndiye huyohuyo Kylo Ren)? Palpatine, yule mfalme wa giza, ana mjukuu mwingine amefichwa sayari gani? Chuo cha Jedi, wale wapiganaji wa panga za mwanga, atakijenga sayari ya Tatooine, Jakku, au atarudi kwenye kile kisiwa cha Luke Skywalker kule Ahch-To? Mtu mzima, ana kazi na familia, anakaa anachora mti wa ukoo wenye mishale ya rangi nne!

Hivi hamjashiba? Baada ya The Force Awakens tulikesha miaka miwili tukirushiana vijembe. Rey binti wa Luke. Hapana, mjukuu wa Obi-Wan, mwalimu wa Luke. Snoke, bosi wa Kylo Ren, ndiye Darth Plagueis, mwalimu wa Palpatine, angalieni kovu la kichwani. Ikafika Desemba 2017, kwenye sinema ya Rian Johnson, Kylo Ren akamwambia Rey usoni: wazazi wako walikuwa wauza vyuma chakavu, walikuuza wapate hela ya pombe. Snoke naye akakatwa vipande viwili akiwa amekaa kwenye kiti chake. Mkalia. Desemba 2019 J.J. Abrams, mwongozaji wa ile ya 2015, akarudi na kuwapa kile mlichokililia: Rey mjukuu wa Palpatine, na kina Snoke wanaelea kwenye matangi kule Exegol, maficho ya Palpatine. Mkalia tena. Sasa mnaomba raundi ya tatu ya kitu kilekile!

Yule rubani msaidizi wa Lando kwenye sinema ya 1983, Nien Nunb, sauti yake ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, na anaongea Kikuyu cha wazi kabisa ndani ya chombo cha Millennium Falcon. Alifanya kazi yake, kituo cha adui kikalipuliwa, na hakuna aliyewahi kuuliza babu yake nani. Tunampenda hivyohivyo.

Haya, twende kwenye kilichonikera hasa.

Kumbukeni mwanzo wa The Force Awakens. Usiku, kijijini, Jakku. Askari wa helmeti nyeupe wa First Order, jeshi la kina Kylo Ren, wanashuka kwenye vyombo, tangu 1977 tumezoea kwamba hao ni wa kuangushwa tu, wanapiga risasi ovyo na wanakufa kwa mafungu. Mara mmoja anapigwa, mwenzake anapiga goti kumshika, na yule anayekufa anainua mkono wenye damu na kumburuzia kwenye helmeti. Inabaki michirizi myekundu juu ya nyeupe. Kuanzia hapo macho yako yanamfuata huyo mmoja, huwezi kumpoteza katikati ya wenzake. Kapteni Phasma, mkuu wao, anaagiza wanakijiji wapigwe risasi. Bunduki zinalia pande zote, yeye yake ameishika na haifyatui. Hana jina, ana namba, FN-2187. Jina la Finn anapewa na rubani Poe wakiwa wanatoroka na chombo cha wizi.

Baadaye Takodana, kwenye kasri la Maz Kanata (ndiyo, dada yetu Lupita Nyong'o, wakamficha wote ndani ya kompyuta na miwani, hilo lina uzi wake), Finn anamwambia Rey ukweli: alichukuliwa kutoka kwenye familia ambayo hataijua kamwe, akalelewa kwa ajili ya kazi moja tu.

Niambieni swali gani jipya zaidi ya hilo limeletwa na sinema zote tatu. Mtoto aliyeibwa, akapewa namba, akafundishwa kuua, siku ya kwanza vitani akakataa. Na wangapi wengine wako chini ya zile helmeti?

Waandishi wenyewe walilikimbia mapema sana. Dakika chache tu baada ya kile kijiji, Finn yuko kwenye mzinga wa chombo cha wizi, anamimina risasi ndani ya gati lililojaa askari aliolala nao bweni moja, na anashangilia. Sinema ya 2017 ikamzungusha Canto Bight kwenye kasino na mashindano ya wanyama, ikampa mapambano na Phasma, kisha kule Crait, kwenye chumvi nyeupe yenye wekundu chini yake, alipoamua kujitoa mhanga na kuingia mdomoni mwa ule mzinga mkubwa, mwenzake Rose Tico akamgonga pembeni. Ile ya 2019 ndiyo iliniua kabisa. Wanazama kwenye mchanga wa Pasaana, Finn anapiga kelele kwamba kuna jambo hakuwahi kumwambia Rey, na sinema inaisha hajalisema! Ikabidi tuje kusikia nje, baada ya tiketi kulipwa, kwamba alitaka kusema anaihisi Nguvu, ileile wanayoitumia Jedi.

Halafu kuna Jannah, kule Kef Bir. Anamsimulia Finn kwamba kikosi chake kizima kiliamriwa kuwapiga raia risasi kwenye vita vya Ansett Island, wakakataa, wakaweka silaha chini. Wote. Finn anashtuka, maana miaka yote alijiona yuko peke yake. Mazungumzo yale ni mafupi, na yamebeba uzito kuliko Exegol nzima. Kisha kinafuata nini? Finn na Jannah wanapanda wanyama juu ya meli ya kivita na kuwalipua askari wengine kwa maelfu. Hakuna aliyeweka silaha chini. Hakuna aliyeulizwa. Sinema yenyewe imekwambia nusu saa iliyopita kwamba hawa ni watoto wa watu waliotekwa, halafu unapigiwa muziki wa ushindi wakiungua.

Na msiniambie haikuwezekana. Kabla Abrams hajarudishwa, sinema ya tisa, hiyohiyo ya 2019, ilikuwa mikononi mwa Colin Trevorrow, akaondolewa Septemba 2017. Rasimu yake ilivuja Januari 2020, michoro yake akaikiri mwenyewe. Mle ndani Finn anaongoza uasi wa askari wa helmeti nyeupe katikati ya Coruscant, ile sayari ambayo yote ni jiji. Ilikuwa imeandikwa! Ikatupwa. John Boyega mwenyewe, aliyemwigiza Finn, mwaka huohuo 2020 aliliambia jarida la GQ kwamba usimtangaze mhusika mweusi kana kwamba ni nguzo, kisha ukamsukuma pembeni. Mabango ya 2015 yalimwonyesha ameshika upanga wa mwanga. Tuliuziwa hivyo na tukalipa.

Sasa studio kumtelekeza, hiyo ni biashara yao. Kinachoniuma ni ninyi. Kukisia ni bure. Hakuna bajeti, hakuna bosi wa kukukatalia, hakuna soko la kuliogopa. Unaweza kukisia chochote kwenye galaksi nzima, na bado unakisia damu ya Palpatine na jangwa lingine.

Jangwa! Tatooine ni Tunisia, Jakku ni Abu Dhabi, Pasaana ni Wadi Rum kule Jordan, na The Rise of Skywalker ikaisha tena Tatooine, Rey anajiita Skywalker mbele ya nyumba ya watu waliokufa kitambo. Mhusika ukimweka jangwani atafanya yanayofanyika jangwani: atatazama jua, atamwaza babu, atasubiri chombo kitue. Mahali ndipo panapompa mtu shida ya kushughulika nayo.

Mimi naweka ya kwangu, na mnaweza kuipasua. Chuo kiwe Coruscant. Hekalu la zamani la Jedi lilikuwa hapohapo, watoto wachanga walipelekwa pale wakalelewa bila wazazi. Mwaka 1999 tulionyeshwa Anakin ana miaka 9 na baraza linasema ameshapita umri. Mama yake akaachwa utumwani, akafia mikononi mwa watekaji, na tunajua kijana aliishia kuwa Darth Vader. Ben Solo naye alitolewa kwa wazazi akapelekwa kwa mjomba wake Luke. Tunajua pia. Hekalu lilizaa Vader, chuo cha Luke kikazaa Kylo Ren, na wote wawili ni watoto waliotengwa na nyumbani kwa jina la mafunzo.

Sasa Rey anakusanya watoto wenye Nguvu. Anapita sayari kwa sayari, ana nia njema, anagonga milango. Na nyuma yake amesimama Finn, ambaye naye anaihisi Nguvu, aliyechukuliwa kwao akiwa mdogo kiasi kwamba hata sura ya mama yake haikumbuki. Mlango unafunguliwa, kuna mama amembeba mtoto.

Finn anasema nini hapo? Hilo ndilo nataka nadharia zake. Rafiki yake wa kufa na kuzikana anafanya, kwa upole, kitu ambacho First Order walikifanya kwa bunduki. Atavaa kanzu ya Jedi akae kimya? Atamwambia wazazi wahamie chuoni na watoto wao? Na huko chini Coruscant, kwenye zile ghorofa ambazo jua halifiki, wamejaa wale waliovua helmeti vita ilipoisha, wana namba badala ya majina, jirani zao wanataka wanyongwe. Jannah yuko nao. Akili yangu inaniambia Finn atashuka chini kwa hao kabla ya kupanda kwa Rey, na ugomvi wao wawili ndio uwe sinema. Bila mfalme wa giza kufufuka. Bila Palpatine wa nne.

Nyongeza, maana povu limeanza kumwagika.

Kwa aliyesema "Star Wars ni hadithi ya Skywalker, siyo ya Finn": Skywalker wa mwisho kwa damu ni Ben Solo, alikufa Exegol mbele ya macho yako. Rey jina alijichukulia. Ukoo umeisha, mzee. Unalinda kaburi.

Kwa aliyesema hii ni sinema ya watoto na mimi naleta siasa: sawa, mwanzo wa sinema ya 2015 ni kijiji kinauawa kwa amri. Nimekuta iko hivyo, sikuileta mimi.

Kwa mdau aliyeuliza Rose Tico vipi: umenigusa pabaya. Kelly Marie Tran alitukanwa mitandaoni mpaka akafuta picha zake, na 2019 waliompa kazi wakamwachia kama dakika moja na robo kwenye sinema ya dakika 142. Nadharia yoyote inayomweka Rose kama mhandisi mkuu wa hizo ghorofa za chini naipigia kura nikiwa nimefumba macho.

Kwa yule wa kovu la Snoke: bado upo? Mungu akupe afya.

Wengine leteni hoja. Mnaanzia Ansett Island, kikosi kizima kimeweka silaha chini. Nani aliweka ya kwanza, na nani alibaki ameishika?