Mteja wa Mbeya karudisha blenda imevunjika, anataka hela yote. Nifanyeje?

MamaVyombo_Kkoo

Habari za jioni wakuu. Nauza vyombo vya jikoni, stoo yangu iko Kariakoo ghorofani, wateja wengi nawapata Instagram. Wa mikoani nawatumia kwa basi, mzigo unapandia pale stendi ya Magufuli, Mbezi.

Kuna dada wa Mbeya alinunua blenda ya jagi la kioo, 85,000, nauli ya mzigo juu yake. Kabla sijaifunga nilimrekodia video: nikachomeka kwenye umeme, ikazunguka, nikamgeuzia jagi pande zote aone halina ufa. Akajibu, "Nzuri dada, itume." Nikafunga, nikapeleka ofisi ya vifurushi, nikampigia picha risiti ya mzigo.

Alichukua Jumanne. Kimya. Ijumaa usiku ndiyo naletewa voisi noti ya hasira: blenda imefika mbovu, jagi limepasuka, mota haiwaki, nirudishe hela yote pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Nikiwa bado najipanga namna ya kumjibu, Jumatatu napigiwa simu nikachukue mzigo Mbezi. Kaurudisha bila hata kuniuliza.

Niliufungua huku binti anayenisaidia akirekodi. Jagi kweli lina ufa, kuanzia mdomoni hadi katikati. Hilo sibishi, basi ni basi na makuli wanarusha mizigo. Ila chini ya kisu kuna karanga! Zimesagwa zikagandamana, mafuta yake yameshuka mpaka kwenye kitako cha mashine. Na ukiinusa mota inanuka kuungua. Sasa jamani, blenda iliyofika mbovu ilisaga karanga saa ngapi?

Nikamuuliza kwa upole. Akasema karanga ni zangu, nimemuuzia mtumba. Na nisiporudisha hela ataandika TAPELI chini ya kila posti yangu. Hapo ndipo panaponiuma kuliko hiyo 85,000, maana mteja mgeni akiona neno hilo hasomi maelezo, anapita. Mume wangu anasema lipa yaishe. Mimi naona nikilipa yote nimekiri kwamba nauza mtumba.

Nawasilisha.

kijana_wa_mbagala

Lipa dada. Biashara ya mtandaoni ni jina.

MamaVyombo_Kkoo

Mkuu, na wa kesho akirudisha rais kuka yenye ukoko nilipe pia?

Fundi_Tabata

Dada, hapo una kesi mbili, usikubali zichanganywe. Jagi kupasuka ni jambo la njiani. Mota kuungua si la njiani. Hata ukiirusha kutoka juu ya basi, mota itavunjika kitako au itakwama, lakini haitanuka kuungua, kwa sababu kuungua kunataka umeme.

Karanga kavu hazisagwi kwenye jagi kubwa. Blenda nyingi huja na kikombe kidogo cha vitu vikavu. Mtu akijaza karanga kwenye jagi zinatoa mafuta, zinakuwa rojo zito, kisu kinakwama, mota inalazimisha, koili (zile nyaya za shaba zilizosukwa ndani ya mota) inapata moto. Vitabu vya maelekezo vinasema uwashe muda mfupi, uizime ipumzike. Nani anasoma? Kila mwezi wa Ramadhani naletewa za namna hiyo mpaka meza inajaa.

Fungua skrubu za chini, piga picha ya koili. Nzima ina rangi ya shaba inayong'aa, iliyoungua ni nyeusi au ya kahawia iliyokoza. Angalia na kile kigia cha mpira kinachoshika kisu: kwenye mpya meno yake ni makali, iliyotumika vibaya meno yanalika. Usimtumie maneno, mtumie hizo picha.

Sura214

Nimefanya kazi ofisi ya mawakili miaka kadhaa kama karani, chukua hili kama maoni ya karani.

Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, muuzaji akishakabidhi mzigo kwa msafirishaji, kwa kawaida unahesabika umefika kwa mnunuzi. Wauzaji wengi wanaishia kusoma hapo. Sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji apange usafirishaji unaolingana na aina ya mzigo, asipofanya hivyo mnunuzi anaweza kukataa hesabu hiyo. Kwa hiyo nauliza: kile kioo ulikifunga na nini? Boksi la kiwandani peke yake, au uliongeza sponji na kuandika nje kwamba ni kioo?

Upande wake yeye, alikuwa na haki ya kuukagua mzigo kabla ya kuhesabiwa kwamba ameupokea. Lakini mtu akishautumia kama mali yake, au akikaa nao muda wa kutosha bila kusema neno, amekubali. Karanga zinaongea hapo.

Usifute mazungumzo yenu. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, meseji na video haziwezi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni za kielektroniki. Na usimtishie polisi. Yeye naye anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, inayolinda walaji, na hapo utaulizwa ushahidi, si hasira. Yale maandishi ya "mali ikiuzwa hairudishwi" usidhani yanakumalizia kesi.

MamaVyombo_Kkoo

Sura214, niliongeza sponji pande zote na nikaandika KIOO kwa maka pen nyekundu. Iko kwenye video.

Tulia_Uyole

Mimi ni mnunuzi, niko Mbeya, nasema la upande wetu. Pale stendi ya Nane Nane hupewi nafasi ya kufungua boksi. Unasaini, unasukumwa, unaondoka. Kwa hiyo huyo dada kulikuta jagi na ufa akiwa nyumbani si ajabu.

Halafu fikirini. Kachukua Jumanne, kalalamika Ijumaa. Inawezekana siku zote hizo yeye yuko kazini, na aliyesaga karanga ni dada wa kazi au shemeji, alipoona moshi akairudisha kwenye boksi kimya kimya. Mwenye nyumba anafungua Ijumaa anakuta maajabu. Anakuona wewe mwongo kwa moyo mweupe kabisa. Ukimwita mwongo na wewe, mmeshamaliza. Mwambie tu aulize nyumbani nani alisaga karanga.

MamaVyombo_Kkoo

Mrejesho. Nilipeleka kwa fundi wa jirani, koili nyeusi tii. Nikamtumia picha, video ya kwanza na ya pili, na maneno ya Tulia karibu yalivyo: "Dada yangu, hebu uliza nyumbani kama kuna aliyesaga karanga." Alisoma, hakujibu mpaka usiku. Kisha akaandika, "Kumbe ni mdogo wangu."

Pole hakusema, na mimi sikuidai. Tumekubaliana jagi nagharamia mimi, kuisuka mota upya analipa yeye, fundi kasema 25,000, na nauli ya kurudi Mbeya tunagawana. Mume wangu bado anasema nauli ningemwachia yeye yote.

Fundi_Tabata, kile kikombe kidogo kinauzwa peke yake? Nataka nianze kukiweka kwenye picha ya kwanza ya tangazo.

Fundi_Tabata

Kinauzwa, lakini angalia nyuzi za kufungia, zile za kuzungushia kama kifuniko cha chupa, kila modeli na zake. Njoo na blenda yenyewe.