Tawi la tatu: ni pupa ya wenye migahawa au ni kodi ya pango inayoua majina tunayoyapenda?

Mtoa mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili lina hela yangu ndani, kwa hiyo mnivumilie nikilirefusha.

Shemeji yangu ana mgahawa wa pilau na biriani. Alianza na meza nne chini ya mwembe, leo ana sehemu mbili na foleni ya mchana inafika barabarani. Sasa anataka kufungua tatu nyingine kabla mwaka haujaisha, na anachangisha ndugu. Mimi nimeombwa milioni kumi. Baba mkwe kashasema mtoto wetu asiachwe peke yake, na mnajua kauli ya baba mkwe ilivyo nzito.

Kinachonizuia ni kwamba niliwahi kufanya kazi ya stoo, miaka minne, kwenye mgahawa mwingine wa hapa mjini ambao jina nalihifadhi. Ulitoka tawi moja hadi sita kwa miezi kumi na minane. Leo halijabaki hata moja.

Naamini mgahawa hufia kwenye tawi la tatu. Ukiwa na mawili, asubuhi unaonja mchuzi huku, jioni unaonja kule. La tatu linakulazimisha umwachie mtu mwingine kijiko, na wengi wetu hatujawahi kumwandaa mtu huyo. Pale kwetu mpishi mkuu alikuwa mama mmoja aliyepima chumvi kwa kiganja. Tulipofungua la tatu tukamhamishia huko ili lianze vizuri. Wateja wa la kwanza wakaanza kununa. Tukamrudisha, la tatu likayumba. Ndipo bosi akaamua kila kitu kipikwe sehemu moja na kusambazwe kwa kirikuu. Mapishi ya kilo tano za mchele yakazidishwa mara tano, na maji nayo yakazidishwa mara tano. Aliyewahi kupika shughuli anajua kilichofuata: sufuria kubwa haipotezi mvuke kwa uwiano wa sufuria ndogo. Wali ukatoka bokoboko, nasi tukaupakia hivyo hivyo kwa sababu saa sita ilikuwa imefika.

Kwa hiyo nawauliza, nitoe au nisitoe? Na majina haya yanapokufa, tumlaumu mwenye nayo au mazingira ya biashara?

Mlipa Kilemba

Mkuu, unahangaika na chumvi wakati tatizo ni pango. Mwenye fremu hapa Dar anataka kodi ya mwaka mzima mkononi, ukimpata mwenye huruma ni miezi sita. Kariakoo kuna kilemba juu yake, yaani hela ya kuachiwa fremu tu. Bado hujaweka vigae, hujanunua majiko, hujafika kwenye leseni, bwana afya na zimamoto. Zidisha hayo kwa matawi matatu ndani ya mwaka mmoja uone kama mtu anabakiwa na hela ya mchele wa mwezi wa pili. Bosi wako hata angekuwa na ulimi wa dhahabu angefunga tu. Tunapenda kuwasema wafanyabiashara wetu kuwa hawajasoma na wana pupa, lakini hakuna anayemgusa mwenye nyumba.

Dada wa Vitabu, Nairobi

Mimi ni mhasibu, na hoteli za chakula nimezifungia hesabu nyingi. Nyote wawili mmegusa ukweli ila mmeruka katikati.

Tuchukue mfano wa kubuni kwa shilingi za Tanzania. Sahani ni 8,000. Tawi linauza sahani 150 kwa siku, siku 30: mauzo ni milioni 36. Malighafi tuseme asilimia 40, yaani milioni 14.4. Mishahara 9, pango 5, gesi, umeme na maji 3. Inabaki milioni 4.6 kabla ya kodi ya serikali na mkopo. Sasa sahani zishuke hadi 120. Mauzo ni milioni 28.8, malighafi 11.52, na zile 17 nyingine haziteremki hata kidogo. Inabaki 280,000. Sahani 30 tu kwa siku zimemeza karibu faida yote.

Hizo sahani 30 mara nyingi zinapotelea kwako mwenyewe. Ukifungua tawi kilomita mbili kutoka la kwanza, wateja wa la kwanza wanahamia karibu na kwao. Mauzo ya jumla yanapanda na kila mtu anapiga makofi, ilhali kila jiko linauza kidogo kuliko zamani.

Kuna pia asali ya mwezi wa kwanza. Tawi jipya linajaa kwa sababu watu wanataka kuona. Mwenye hoteli anaichukua miezi ile mitatu kuwa hali ya kawaida, anasaini mkataba wa tawi lingine kwa hesabu hiyo. Muuza kuku na muuza mafuta wanampa siku 30 za kulipa, naye hela ya tawi jipya analipia deni la tawi la zamani. Hapo ndipo kasi inapokuwa ulevi, maana akisimama kufungua madeni yote yanamfikia siku moja.

Wamarekani wamelipitia hili kwa kiwango kikubwa. Boston Chicken, baadaye Boston Market, ilianza 1985 na kuku wa kuoka. Mwaka 1993 iliingia soko la hisa na siku ya kwanza tu bei ikapanda zaidi ya maradufu. Kampuni ikawa inawakopesha waliofungua maduka kwa jina lake, halafu ada na riba walizolipa zinahesabiwa kuwa mapato yake. Kwenye vitabu vya makao makuu kulikuwa na faida, huko chini maduka yanavuja. Walipita maduka 1,100, na Oktoba 1998 wakaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Mwaka 2000 McDonald's wakainunua. Wakati huo wote kuku alikuwa mtamu.

Mtoa mada, usimuulize shemeji mauzo ya jumla. Muulize kila jiko peke yake, mwezi kwa mwezi, tangu la pili lifunguliwe.

Mlipa Kilemba

Dada, hesabu nzuri, lakini kwenye mfano wako pango umeliweka milioni tano kama vile ni jambo la Mungu. Liwe tatu, na kwenye zile sahani 120 jamaa bado ana zaidi ya milioni mbili.

Na mnaosema kasi ndiyo inaua, nielezeni McDonald's. Ray Kroc, ndiye aliyeisambaza, alifungua wa kwake wa kwanza Des Plaines, Marekani, mwaka 1955, na 1959 wakafika mia moja. Hawakufa kwa sababu walishika ardhi. Kampuni ilishikilia kiwanja na jengo, anayeuza baga akawa mpangaji wake. Waliona mapema kwamba utamu wote unaliwa na mwenye nyumba, wakaamua kuwa yeye.

Kijana wa Mvita

Bwana Kilemba, umesahau nusu ya kisa. Kabla ya huyo Kroc, wale ndugu wawili McDonald mwaka 1948 waliikata menyu yao ikabaki vitu tisa. Tisa! Jambo ambalo kijana wa juzi aweza kulifanya sawa na wa jana. Sasa wewe chukua pilau ya kwetu, ambayo kila nyumba ina mkono wake, uitie kwenye karatasi uwape vijana kumi na wawili wa matawi sita. Twajidanganya.

Kisha kuna suala la mahali. Starbucks walikwenda Australia mwaka 2000, wakafungua maduka kama 84. Mwaka 2008 wakafunga 61 kwa pigo moja. Kule Wataliano na Wagiriki walishawafundisha watu kahawa tangu babu zao, kila mtaa una mkahawa wake na mwenye mkahawa amjua mteja kwa jina. Starbucks wakaingia haraka wakidhani wapeleka kahawa jangwani. Ni kama mtu aje Mji wa Kale na kahawa ya gilasi ya karatasi awaambie wazee wa baraza waiache ile ya dele na kikombe kidogo. Watamwitikia salamu, basi.

Mwaka uo huo huko kwao Marekani walitangaza kufunga maduka 600. Na Februari walikuwa wamefunga milango ya maduka yao kama 7,100 kwa saa tatu na nusu jioni moja ili kuwafunza upya wafanyakazi kutengeneza kahawa. Yaani kampuni ya kahawa ilikua mpaka ikasahau kahawa.

Mkulima, Ol Kalou

Mmeongea juu ya wali na kahawa, na viazi je? Januari 2022 KFC hapa Kenya waliishiwa chipsi. Viazi vyao vilikuwa vinatoka Misri, meli ikachelewa. Sisi Nyandarua gunia linatuozea shambani! Waliposema wanunua tu kwa wauzaji waliopitishwa na viwango vyao, Wakenya waliwaka mtandaoni siku kadhaa, baadaye wakasema watatafuta wauzaji wa hapa. Mtu akifungua matawi mengi anataka kiazi cha aina moja, urefu mmoja, mwaka mzima. Hiyo kazi ya kumtafuta mkulima na kukaa naye misimu mitatu hakuna anayeitaka, kwa sababu haipigwi picha ikakatiwa utepe. Basi.

Dada wa Vitabu, Nairobi

Mzee wa Ol Kalou, umenena. Na wewe Kilemba nakupa nusu ya hoja. Hapa Nairobi tulishuhudia maduka makubwa ya kisasa yakiota kama uyoga: Garden City 2015, The Hub Karen 2016, Two Rivers 2017. Mikahawa ikafuata kila jengo jipya kwa hofu ya kuachwa. Halafu Nakumatt, ile supamaketi, ikaanza kuishiwa bidhaa kwenye rafu, nayo ndiyo iliyokuwa ikivuta watu kwenye majengo kadhaa. Aliyekuwa akija kununua unga na kumalizia kwa chai hakuja tena. Mwenye mkahawa hakukosea chumvi wala hakukosea hesabu zake, alikosea jirani.

Lakini tazama Java House, ile mikahawa ya kahawa. Walianza 1999 Adams Arcade, barabara ya Ngong. Mwaka 2012 mfuko wa uwekezaji wa ECP ukachukua sehemu kubwa, 2017 wakauziwa Abraaj wa Dubai, 2018 Abraaj wenyewe wakaporomoka, 2019 Actis wakashika usukani. Umiliki umepita mikono mitatu ndani ya miaka saba na vikombe bado vinajazwa. Kwa hiyo mtaji wa nje si sumu yenyewe. Ila mfuko wa namna hiyo hununua ili uje uuze, na anayekuja kununua kitu cha kwanza anachohesabu ni matawi. Mwenye hoteli asipojua saa ya mwekezaji wake inasoma ngapi, atakimbizwa.

Mzanzibari wa Leicester

Salaam. Niongeze la huku. Jamie Oliver, mpishi wa televisheni, alifungua Jamie's Italian ya kwanza Oxford mwaka 2008. Zilipita 40 Uingereza pekee. Mei 2019 kundi zima likawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi: kati ya mikahawa 25 iliyokuwa imebaki, 22 ikafungwa na watu kama 1,000 wakakosa kazi. Jina halikuwa tatizo, nani huku hamjui? Mamilioni yake mwenyewe aliyaingiza kuiokoa. Kodi za majengo zilikuwa juu, kweli, lakini majirani zake wengi walilipa kodi hizo hizo wakabaki. Tambi zilizokuwa mpya 2008, kufikia 2016 ziliuzwa kila mtaa, tena rahisi zaidi.

Nawauliza wa huko nyumbani: wakati wa kusambaa, kuna anayebaki nyuma kubuni chakula kipya? Au wote wako kwenye kupima vigae?

Mlipa Kilemba

Wako kwenye vigae, ndugu yangu. Hapo nimenyoosha mikono.

Lakini nasisitiza: mkataba wa pango wa miaka mitano usio na mlango wa kutokea ndio unaogeuza kosa dogo kuwa msiba. Mwenye kibanda akikosea mahali anabeba sufuria zake jioni.

Mtoa mada, Dar es Salaam

Nimesoma yote, na jana nikaenda kula kwa shemeji bila kumwambia. Tawi la kwanza, biriani ile ile, shikamoo kwa wazee mlangoni. Tawi la pili mhudumu alinipa namba ya kulipia. Niliiangalia mara mbili: haikuwa Lipa Namba ya mgahawa, ilikuwa namba ya mtu, jina la mtu. Nikamwambia nitalipa taslimu. Akacheka kidogo, akaandika kwenye karatasi bila risiti. Kule stoo nilikowahi kufanya kazi tuliligundua hili mwezi wa kumi na moja, tayari tukiwa na matawi matano. Kumbe hata mimi na nadharia yangu ya tawi la tatu nilikuwa mkarimu mno. Kwa shemeji limeanza la pili.

Sijamwambia baba mkwe. Nimemwomba shemeji daftari la kila jiko peke yake kama dada alivyosema, pamoja na mkataba wa pango wa hizo fremu tatu mpya ili nione kama zina mlango wa kutokea. Mkataba kaleta leo asubuhi, hauna. Daftari la tawi la pili anasema lipo kwa mhasibu. Mhasibu namfahamu, ni huyo huyo mhudumu wa kaunta.

Milioni kumi bado ziko benki. Ijumaa ana kikao cha familia, na aliyepangiwa kufungua kwa dua ni mimi.