Nimerudishwa nyumbani wiki tatu kabla ya nadhiri. Je, nilimsikia Mungu vibaya?

Mtalimbo: Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Nimekaa katika malezi ya usista miaka minne. Wiki tatu kabla ya nadhiri za kwanza, mlezi wa wanovisi (sisi tunaojiandaa kwa nadhiri) aliniita akasema baraza la shirika limeona wito wangu hauko hapa. Sikuwa nimegombana na mtu. Nikafunga begi siku hiyohiyo.

Aibu ipo, lakini si hiyo inayoniumiza. Nilisali sana kabla ya kuingia, nikapata amani kabisa. Sasa sijui ile amani ilitoka kwa nani. Wanaoniambia "ni mpango wa Mungu" natamani kuwarushia kiatu. Kuna shirika jingine liko tayari kunipokea mwezi ujao. Niende?

Mzee wa Rozari: Milele amina, mwanangu. Soma Kutoka 13:17. Njia ya nchi ya Wafilisti ilikuwa ya karibu, lakini Mungu hakuwapitisha huko, wasije wakaona vita wakarudi Misri. Sababu hiyo anaelezwa msomaji. Waliokuwa safarini walichoona ni bahari mbele na magari ya Farao nyuma.

Nyota_ya_Bahari: Louis Martin alikataliwa monasterini kwa kutojua Kilatini. Zélie Guérin naye alikataliwa na masista. Wakaoana 1858, na binti yao wa mwisho ndiye Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Wazazi hao walitangazwa watakatifu 2015.

Kibiriti: Haya, mmeshamwoza tayari! Mwacheni alie kwanza.

Mkatekista Mstaafu: Kibiriti ana hoja. Nami niongeze: baraza ni watu, linaweza kukosea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 311–312) inafundisha kwamba Mungu si chanzo cha dhambi hata kidogo. Huiruhusu, na anajua kutoa jema humo. Kwa hiyo, dada, hulazimiki kusema uamuzi ule ulikuwa sahihi ndipo uwe na imani.

Kuhusu ile amani: ilikuita uingie, ukaingia. Nani alikuahidi kwamba itakufikisha kwenye nadhiri? Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa na hakika kwamba maisha yake ni Yerusalemu. Alifika 1523, Wafransisko wakamrudisha. Mwaka 1537 akangoja meli Venezia na wenzake. Vita na Waturuki vikafunga bahari. Ndipo wakaenda Roma kujiweka mikononi mwa Papa, na 1540 shirika lao, Wajesuiti, likapata kibali.

Huyohuyo Inyasi anaonya: wakati wa ukiwa wa moyo, yaani unapojiona mkavu na kama Mungu yuko mbali, usibadili maamuzi uliyoyafanya kwa utulivu. Wewe huna hata uamuzi wa kushikilia, una kidonda tu. Mwezi ujao ni mapema mno. Tafuta padri au sista asiye wa shirika lolote kati ya hayo mawili, akusindikize kiroho.

Mtalimbo: Asanteni. Kibiriti umenichekesha, mara ya kwanza tangu nirudi. Nimewaandikia wale masista wanipe mwaka. Ila Misa bado naenda nikiwa nimekasirika. Hiyo nayo niungame?

Mkatekista Mstaafu: Mwambie Yeye kwanza, kwa ukali huohuo. Zaburi ya 88 inaishia gizani, nayo tunaisali.