Sarufi ya Kiarabu hapa Oman: nianzie wapi?

Kutoka: M. (Maskati)

Asalaam aleykum wakubwa kwa wadogo. Nimekuja kikazi kutoka Tanga, niko mapokezi ya kliniki. Ajrumiya, kile kitabu cha sarufi, tuliisoma chuoni, na i'rabu (mabadiliko ya mwisho wa neno) naiweza, lakini mgonjwa akianza kusema nusu inanipita, na nikimjibu kwa Kiarabu cha kitabuni anatabasamu tu. Majirani nao Kiswahili kimewakolea kuliko mimi, mtaani sijifunzi kitu. Niingie darasani?

Kutoka: Mama S. (Al Khoudh)

Waaleykum salaam mwanangu, karibu. Majirani zako ndio sisi tuliorudi kutoka Unguja baada ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970. Nyumbani Kiswahili hatukiachi. Wafuate watoto wetu, wao wamesomeshwa Kiarabu.

Ajrumiya iweke pembeni kwanza. Inakueleza kwa nini mwisho wa neno una dhuma (u) au fataha (a), na watu wakizungumza irabu hizo hawazitamki. Kinachokukwamisha ni dhamiri, yaani viwakilishi vya nafsi. "Yeye" wetu ni mmoja kwa mume na mke, hatukuzoea kujiuliza tunasema na nani. Basi anzia kwenye salamu: mwanamume "kef halak", mwanamke "kef halish", watu wengi "kef halkum". Hiyo "-ish" ni ya huku, vitabuni utaikuta "-ki". Wanawake wengi pamoja wana umbo lao la kitenzi pia, ambalo Misri na miji ya Sham (Syria na jirani zake) wameshaliacha. Hapa bado lipo hai, hasa kwa watu wa bara, kwa hiyo usije ukadhani bibi wa Nizwa anakosea.

Na salamu usiikate. Ukishaulizwa hali utaulizwa "shay akhbar? shay ulum?" Jibu "ma shay", hata kama unazo habari nzito. Zitatoka baadaye, kahawa na tende zikishapita. Hiyo "shay" ndiyo "kuna" yao. Aliyejifunza kwa tamthilia za Kimisri anakuja na "fi", na anajulikana papo hapo. Kikombe pokea kwa mkono wa kulia, ukitosheka kitikise kidogo, la sivyo utamiminiwa mpaka Alasiri.

Kuna jambo moja ambalo wewe umezaliwa nalo. Wingi wa vitu visivyo na akili huchukua sifa ya mwanamke mmoja: "kutub jadida". Wazungu hulalamika sana hapo. Wewe unayesema vitabu vipya na mikoba mipya bila kufikiri, ihesabu kuwa ngeli moja zaidi.

Kutoka: H. (Salalah)

Mama kasema kweli, ila kuiweka Ajrumiya pembeni sikubaliani. Kadi ya harusi, barua ya wizara, hotuba ya Ijumaa, vyote ni fus-ha, Kiarabu sanifu cha kitabuni. Watu hapa huitwa kwa mtoto, kama Baba Fulani wetu, na kwenye maandishi huyo huyo Abu Salim utamkuta Aba Salim, kwingine Abi Salim. Asiyesoma yale majina matano ya Ajrumiya, ambayo mwisho wake hugeuka hivyo, atadhani ni watu watatu. Kwako mtu wa mafaili hilo si dogo.

Jingine la kazini: mwanamke akiolewa jina halibadiliki, anabaki binti wa baba yake. Usimtafute kwenye kompyuta kwa jina la mume.

Na ukihamishiwa huku Dhofar, wazee wa milimani wakisema usichoelewa hata neno, usijilaumu. Hicho ni Kijibali, lugha nyingine kabisa.

Darasa: kipo Chuo cha Sultan Qaboos cha kuwafundisha Kiarabu wasio wenyeji, Manah, Dakhiliya. Ni mbali na Maskati, hakimfai mtu wa zamu. Tafuta mwalimu wa jioni, na umwambie mapema unataka lahaja ya hapa, si ya huko alikotoka yeye.

Kutoka: M.

Shukrani sana. Suali dogo: mama mtu mzima nikimwita dirishani, nimwite Umm Fulani?

Kutoka: Mama S.

Mpaka umjue mtoto wake. Mara ya kwanza soma jina kama lilivyo kwenye faili, pamoja na "bint". Akishafika dirishani ni "khalti" (mama mdogo), na kitenzi cha kumkaribisha kiwe cha kike: "tfaddali", si "tfaddal". Halafu msalimu kwanza, kadi yake uiombe baadaye, hata foleni ikiwa imefika mlangoni.